Boti Iliyolala Mchangani

Benchi letu lipo ubavuni mwa baqala moja, duka dogo la mtaa wa Al Warqa, Dubai. Mbao zake nilizileta mimi kutoka ghala letu la Freezone, pallet mbili zilizokuwa zinakwenda kutupwa. Ijumaa jua likishapungua makali tunakutana hapo watu walewale. Kwenye kona, pahali pekee penye mto wa kukalia, hukaa Mzee Yaarub, tunayemwita Nahodha kwa sababu babu yake alikuwa nahodha. Yeye mwenyewe kastaafu ukarani bandarini Hamriya, lakini habari yoyote ya bahari lazima ipitie kwake. Anafuata Jairus mlinzi, jina la kijiwe Kamera, maana anajua nani kapita geti lipi, na asichokiona anakikisia. Fridah, yaya wa villa ya jirani, ndiye mwenye chupa ya kahawa. Mimi nakaa mwisho, penye msumari uliochomoza. Katikati ni pa Bi Mahfudha wa Jambiani, Zanzibar, mpishi wa sir Mohannad kwa miaka kumi na tisa, na Ijumaa hiyo palikuwa patupu kwa wiki ya tatu.

Sir na madam walikuwa wamemchukua likizoni kwao. Sir alikodi boti ya starehe kuzunguka visiwa vya kaskazini mwa Uskochi, na nahodha akawa sir mwenyewe, kwa cheti cha kozi ya wiki moja pale Marina. Visa ya Bi Mahfudha ilikuwa inaisha mwezi huohuo, na madam alishamwambia: umri umekwenda, tukirudi tutaona. Hilo "tutaona" lilitukaa rohoni sote. Sasa Jumanne Bi Mahfudha akaweka picha WhatsApp: boti nyeupe imelala ubavu kwenye mchanga mkavu, mlingoti umeinama. Chini kaandika neno moja tu, "Subhanallah." Tangu hapo kimya.

Fridah: Haki mimi sijalala. Nimempigia mara nane, mteja hapatikani.

Jairus: Boti ikilala hivyo hiyo ni accident. Hakuna kitu ingine.

Nahodha: Ajali gani bila ya mawimbi? Tazama vizuri. Huo ni upepo wa kaskazini, umeiokota boti baharini ukaitupa nchi kavu. Babu yangu alikwishauona upepo huo.

Mimi: Babu yako alifika Uskochi?

Nahodha: Alifika Basra. Njia ni hiyohiyo.

Jairus: Wacha upepo, Mzee wangu. Swali ni maji imeenda wapi. Mimi naona ni barafu. Huko juu maji inashikwa na barafu, halafu inavutwa yote ikaenda.

Fridah: Na huo mchanga?

Jairus: Huo ndio ulikuwa chini ya barafu.

Nahodha: Hamjui bahari nyie! Kule kuna nyangumi. Akivuta pumzi, ghuba nzima inakauka. Akiitoa, mnajikuta mlimani.

Fridah: Nyinyi mnacheka tu. Kabla hawajasafiri, madam alimleta msichana jikoni, Milly, miaka ishirini na sita. Interview kabisa. Sasa kama sir ameangusha boti ya watu, lawama itaenda kwa nani? Sir hakosei.

Jairus: Wataambia Bi Mahfudha sufuria zake ni nzito, ndio zimeinamisha boti.

Nilitaka kucheka, nikashindwa, kwa sababu hayo ndiyo yanayosemwa kweli kwenye nyumba za watu.

Jairus: Mimi nawaambia, amepelekwa airport direct, simu wamechukua, khalas. Saa hii ako Zanzibar.

Nahodha: Basi nimpigie kaka yake Jambiani.

Fridah akawa anamimina kahawa huku machozi yanamtoka, kikombe changu kikajaa mpaka sahanini. Ndipo tukaona mtu anakuja kutoka upande wa msikiti, buibui jeusi, na juu ya mtandio kofia ya sufu yenye kishada. Kofia ya sufu, Dubai, mwezi wa Juni!

Bi Mahfudha: Assalaam alaykum. Mbona mmekaa kama msibani?

Fridah alimkumbatia nusura amwangushe.

Fridah: Simu yako, Bi Mahfudha!

Bi Mahfudha: Imeingia ndani ya supu, mwanangu.

Jairus: Na boti je? Ilikuwa upepo ama barafu?

Nahodha: Au nyangumi?

Alikaa mahali pake, akaomba simu ya Fridah, akaitazama picha, kisha akatuuliza kwa upole kabisa.

Bi Mahfudha: Siku ya picha hii, mwezi ulikuwa umeandama siku ngapi?

Jairus akatoa simu. Fridah akatazama mbinguni, na jua lingalipo. Mimi nikashughulika na msumari wangu. Tukabaki tunamwangalia Nahodha, naye akakohoa.

Nahodha: Kama... kumi hivi. Au ishirini.

Bi Mahfudha: Kumi na tano, Mzee Yaarub. Bamvua. Maji yanajaa sana, na yakipwa yanakwenda mbali mpaka unaona majani ya chini. Jumanne ya kabla yake tulitia nanga ghuba hiyohiyo, mwezi una siku nane, maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana, tukakaa salama siku nzima. Jumanne hii sir karudi palepale, asubuhi, maji tele. Akasema, hapa tunapajua, yalla, shusha nanga. Nikamwambia, sir, hapa leo maji yataondoka yote. Akacheka.

Fridah: Na madam?

Bi Mahfudha: Kaniambia nirudi kwenye vitunguu.

Jairus: Kwani hawana kitabu ya kuonyesha maji itajaa na kutoka saa ngapi?

Bi Mahfudha: Kilikuwepo. Madam kakiweka chini ya sufuria, isiunguze meza.

Mimi: Ukarudi kwenye vitunguu?

Bi Mahfudha: Nikazima jiko. Visa naiona inakwenda, wallahi. Nikasema, sir, mimi tangu mtoto nafuata bamvua na mama yangu kuokota chaza. Nimefunga mwani miaka kumi. Nikikosea siku ya mwezi, nyumbani hatuli. Ukikaa hapa, jioni mtakula mmelala ubavu. Na nikiwa nimekosea, nipeleke airport leo hii.

Hakuna aliyegusa kahawa.

Bi Mahfudha: Sir akaniangalia. Akainua sufuria, akachukua kitabu, kurasa zimeganda mchuzi. Akasoma. Akarudia kusoma. Kisha akapiga kelele, vuta nanga! Tunatoka, boti nyingine inaingia. Sir akawapungia mikono warudi, na wao wakatupungia kwa furaha. Alasiri ndio hiyo mnayoiona. Watu wake wazima, wamekaa mchangani wanakunywa chai, wanasubiri bahari irudi.

Jairus: Kumbe hiyo boti si yenu!

Bi Mahfudha: Yetu ilikuwa inaelea, na mimi nimesimama juu yake napiga picha.

Jairus alipanda juu ya benchi akapuliza filimbi yake ya kazi mpaka mwenye baqala akatoka mbio. Fridah alipiga vigelegele. Mimi nilisahau msumari, nikaukalia, na hata sikujali. Kisha Fridah akamshika Bi Mahfudha mkono.

Fridah: Na visa?

Bi Mahfudha: Leo asubuhi sir kanipeleka mwenyewe kupima damu ya kuongeza visa. Miaka miwili, inshallah. Kofia hii pia kaninunulia yeye. Tangu siku ile hakushusha nanga bila ya kuniuliza.

Jairus: Na yule Milly?

Bi Mahfudha: Anaanza Jumatatu, chini yangu. Vitunguu atakata yeye, na siku za mwezi nitamfundisha.

Mzee Yaarub aliinuka polepole. Akauchukua mto wake, akaukung'uta mara mbili, akauweka tena pale konani.

Nahodha: Bi Mahfudha, hapa ni pa nahodha. Njoo ukae.

Alikaa, na kofia yake ya sufu, jasho linamtiririka, anacheka. Mzee akajibana katikati, kati ya Jairus na Fridah.

Jairus: Sasa wewe tutakuita nani, Mzee wangu?

Mzee Yaarub: Niiteni Karani.

Fridah akainamisha chupa. Kahawa ilikuwa imekwisha, na hakuna aliyeondoka.