Ndugu Ignasi Bura Amekataa Kupangiwa

Tarehe 30 Juni 1992, Ndugu Ignasi Bura, Afisa Utumishi wa Shamba la Ngano la Endahali, anastaafu kwa mujibu wa sheria baada ya kulitumikia shamba hili kwa miaka ishirini na miwili. Jarida letu la wafanyakazi lina kawaida ya kumsifu kila mstaafu kwa maneno yaleyale: mchapakazi, mcheshi, mtu wa watu. Mimi, Eufrasia Sulle wa karakana, nimeombwa nifuate kawaida hiyo. Nimejaribu, nimeshindwa. Mzee huyu anaondoka akiwa ametuachia ugomvi mzuri, na ugomvi wenyewe ndio nakusudia kuuandika.

Alizaliwa Daudi, Mbulu, mwaka 1937. Alipomaliza shule alipangiwa ualimu. Alipoanza kuupenda ualimu akapangiwa ukarani wa wilaya. Mwaka 1970 akapangiwa huku Hanang, wakati shamba lina matrekta ya kuhesabu na upepo wa mlimani unaingia ofisini bila kubisha hodi. Mara zote tatu hakuna aliyemuuliza lolote. Nyakati zile ndivyo tulivyoishi; ukikutana na mtu mliyesoma naye, unamsalimu, kisha unamuuliza amepangiwa wapi. Sasa yeye ndiye akakabidhiwa kazi ya kuwapanga wengine, na akaamua kwamba ataanza kwa kuuliza.

Swali lake lilikaribia kumharibia kazi mapema kabisa. Alikuwa akiuliza, "Unataka nini?" Wote tumeshaingia maofisini. Tunajua kwamba karani anayekuuliza unataka nini, tena bila kuinua kichwa, anamaanisha ondoka. Wa kwanza kuulizwa alikuwa Tluway wa Gitting, mbeba magunia wa ghala kuu, aliyekuja kueleza kwamba vumbi la ngano linamuua kifua. Alivua kofia, akatoa shikamoo, akaulizwa anataka nini, akajibu, "Hapana mzee, nilikuwa napita tu." Ofisi ile iko mwisho wa jengo na nyuma yake kuna ukuta, hakuna anayepita pale kwenda popote. Ndugu Bura akatoka mbio kumfuata, tai imerukia begani, akimwita arudi. Tluway, akidhani anafukuzwa kazi, akaongeza mwendo hadi kwenye tangi la maji.

Walipoelewana ikaonekana kwamba Tluway alikijua asichokitaka, basi. Akiulizwa anataka kwenda wapi, anasema popote mzee atakapoona panafaa. Hapo ndipo Ndugu Bura alipoanzisha ile tuliyokuja kuiita wiki ya kuonja. Mtu anapelekwa kitengo kingine kwa wiki moja, na Jumamosi anarudi ofisini kujibu jambo moja: ni wakati gani alisahau kuangalia jua limefika wapi. Tluway alionja ulinzi, akawa analitafuta jua usiku kucha. Akaonja jikoni, ugali ukashika chini na wavunaji wakalala na njaa. Akaonja pampu ya maji, na siku hiyo mke wake alikuja kumtafuta hadi kituoni kwa sababu alisahau kurudi kula. Yuko pampu mpaka leo. Kila anayeoga katika shamba hili amshukuru.

Na mimi nilipita mlango ule. Nilikuwa mpiga chapa, na nilikwenda kuomba niwe mkuu wa wapiga chapa. Aliniuliza, "Eufrasia, unaitaka ile kazi, au unakitaka kile kiti?" Nikanuna. Nilinuna siku kadhaa, maana nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya kasi ya kuchapa. Nilipochoka kununa nikagundua kwamba saa yangu nzuri ya siku ni ile ninayokwenda karakana kupeleka barua na kujichelewesha makusudi kuona wanavyofungua jenereta. Mkuu wa karakana wa wakati ule aliapa kwamba mwanamke hataingia pale isipokuwa kufagia. Ndugu Bura akamjibu mbele ya mafundi wote, "Injini haijui aliyeifungua amevaa nini." Nilionja wiki moja. Sasa ni mwaka wa kumi na tatu, na kombaini zote zinazokwenda kuvuna zinatoka kwa saini yangu.

Wakubwa hawakuupenda utaratibu huu. Alikuja mmoja kutoka juu, viatu vinang'aa kwa dakika chache kabla vumbi letu halijamkaribisha, akamkumbusha kwamba wafanyakazi hupangiwa, hawaulizwi. Ndugu Bura alikubali kwamba ndivyo utaratibu ulivyo, kisha akasema, "Mtu asiyetaka kuwa mahali huleta mwili wake tu, na mwili peke yake hauvuni ngano." Alionywa. Wiki za kuonja zikaendelea, ila tukaanza kuziita likizo za kusaidiana, na mambo yakatulia.

Msidhani ninamsifu mtu asiye na dosari. Ana kiburi cha mtu aliyezoea kuwa sahihi. Mwaka fulani aliamua na yeye aonje kombaini. Akapita nayo katikati ya uzio wa jiko, akashuka, akawaambia wapishi kwamba uzio ulijengwa mahali pabaya. Hajaomba radhi hadi leo. Namkumbusha kupitia jarida hili.

Sasa nifike kwenye jambo la mwaka huu. Sote tunajua kwamba shamba linapunguza wafanyakazi, na kwamba majina yataanza kuitwa baada ya mavuno. Meneja alimwita Ndugu Bura, akamweleza kwamba akistaafu Juni, Julai aanze mkataba wa mwaka mmoja wa kuisimamia kazi hiyo. Atabaki na nyumba na gari. Kwa mzee ambaye nyumba yake ya Katesh haijapauliwa, hilo si jambo dogo. Aliomba muda wa kufikiri. Sisi huku chini tulishasikia, na nasema wazi kwamba tulimwogopa. Nani angeufahamu udhaifu wetu kuliko yeye?

Mkewe, Mama Kornelia, ndiye aliyemgeuzia swali lake mwenyewe. Alimwambia, "Watu wote unawauliza. Wewe unataka nini?" Mtu aliyewasaidia nusu ya shamba kujijua alikuwa hajawahi kukaa na nafsi yake hata mara moja.

Basi akachukua likizo yake ya mwisho, akaonja. Wiki moja alikwenda Daudi kulima na kaka yake. Aliliangalia jua tangu lilipotoka. Wiki nyingine alikwenda Tlawi, ambako parokia ilitaka msimamizi wa bweni; akajikuta tena anawapangia watu vitanda, akaaga. Wiki ya tatu hakupanga kitu. Alipeleka suruali ikapunguzwe kiuno kwa Letisia, fundi cherehani wa Katesh, ambaye zamani alikuwa mshona magunia wetu. Wateja walikuwa wengi, na Letisia, asiyependa kuona mikono imekaa bure, akampa koti la mtu na vifungo vya kushikiza. Mzee alishikiza vifungo mpaka taa ikawashwa. Asubuhi akarudi bila suruali ya kupunguza, akavuta kigoda.

Letisia anamheshimu sana. Humpokea kwa shikamoo kila siku, anaitikiwa marahaba, kisha anaangalia mshono na kusema, "Hii fumua, mzee." Naye anafumua. Nimekwenda kushuhudia kwa macho yangu, maana sikuamini kwamba kuna mtu katika wilaya hii anayeweza kumwambia Ignasi Bura amekosea na yeye akanyamaza. Nilimuuliza anapata nini pale. Alisema, "Maisha yangu yote nimeshughulika na mambo yasiyoisha. Jana nimeanza koti asubuhi, jioni mwenyewe kalivaa, kaondoka nalo."

Aliporudi kutoka likizo, mkutano wa wafanyakazi wote ulifanyika ukumbi wa kantini. Meneja hakusubiri jibu. Alisimama akatutangazia kwamba tunayo bahati, kwamba Ndugu Bura amepangiwa mwaka mmoja zaidi wa kulitumikia shamba. Nilimwona mzee akifunga kifungo cha koti lake. Alisimama, akasema, "Ndugu Meneja, hukuniuliza." Akaendelea kwamba kazi ya kumwita mtu na kumwambia kwamba hatakiwi, yeye haitaki, hata iwe na nyumba kumi, na anayeitaka ndiye apewe. Kisha akasema, "Mimi nakwenda kujifunza kushona makoti." Tulicheka. Alikuwa hachekeshi, akatusubiri tumalize. Tluway ndiye aliyeanza kupiga makofi, akafuatiwa na ghala zima, karakana, jiko pamoja na uzio wao, na sikumbuki mkutano mwingine wa shamba hili ambao makofi yalipigwa bila kuombwa.

Mzee Bura, mafundi, wavunaji, walinzi, makarani na wapishi wa Endahali tunakushukuru. Ulitufukuzia mpaka kwenye tangi la maji ili utusikilize. Majina yetu yataitwa na mtu mwingine, na baadhi yetu tutakabidhi funguo na buti kabla mwaka haujaisha. Inauma, na sitaandika hapa kwamba haiumi. Lakini anayekuja kutusomea majina asitegemee kutukuta tumeinamisha vichwa tukingoja kuelekezwa. Kila mmoja wetu anajua ni kazi gani inayomsahaulisha jua, na atatoka getini akielekea huko kwa miguu yake.

Wewe umetangulia. Tunakutakia, pamoja na Mama Kornelia, afya, paa juu ya nyumba ya Katesh, na maisha uliyoyataka mwenyewe.