Mafuta ya Ng'ombe

Ndani ya basi la Maswa, Masalu alikuwa amepakata kopo la mafuta ya chuchu za ng'ombe, la tatu mwezi huu. Mbele yake, mtumishi wa kike wa halmashauri alimshangaa mama wa makamo aliyekaa naye: "Mimi napaka seramu ya laki nzima, bado nina makunyanzi. Wewe uso huo unaupaka nini?"

"Mafuta ya ng'ombe, mayu. Nikishakamua, najifungia nusu saa, najipaka."

"Si ya binadamu hayo!"

"Ng'ombe kazaa mara mbili, anapakwa. Mimi nimezaa sita, nani kanipaka? Mzee akiuliza mbona yanaisha haraka, namwambia ng'ombe kayalamba."

Masalu alikohoa. Mkewe naye humjibu hivyohivyo, na ng'ombe wake ana wiki sasa analala amefungwa mdomo kwa kosa hilo. Basi liliposimama Shishiyu, alishuka mbio kwenda kumwomba ng'ombe radhi.