Kiti Kinachogota Palepale

Benchi letu limeegemea ukuta wa kinyozi, na mguu wake mmoja ni tofali. Mimi ndiye mwenye birika la kahawa, kwa hiyo kila upuuzi naupata ukiwa wa moto. Wiki nzima hatujagusa siasa wala mpira. Ni baiskeli ya Tarishi tu. Baiskeli ya chuma, nzito, ina umri mkubwa kuliko ndoa yake, na ndiyo aliyosambazia barua za ofisi mpaka akastaafu. Bomba la kiti lilikatika. Jipya alilolipata ni jembamba kuliko tundu la fremu, labda kwa unene wa ukucha, basi akikaa tu, kiti kinazama. Na leo ndiyo leo: mkewe, Mama Pacha, ameapa kwamba baiskeli isipompeleka kwa dada yake mchana huu, jioni inaondoka na mnunuzi wa vyuma chakavu. Tarishi hajagusa hata kikombe chake.

— Kaza nati, — alisema Kinyozi kutoka mlangoni.

— Nimekaza mpaka basi. Nikiongeza, fremu inapasuka.

— Ongeza bati, bwana! Haba na haba hujaza kibaba.

Bati lenyewe ni kopo la soda. Kinyozi alilikata kwa mkasi wake wa kazi ili wajazie pengo, na tangu siku hiyo wateja wake hawanyolewi, wananyonyolewa.

— Tatizo si bati, — alisema Profesa, ambaye hajawahi kufundisha mtu ila anasoma mpaka gazeti lililofungiwa sabuni. — Chuma cha zamani kilipimwa na watu walioshiba. Hiki kipya kimepimwa na wenye njaa. Ndiyo maana ya samaki mkunje angali mbichi.

— Samaki kaingiaje hapa?

— Kaingia kama lilivyoingia hilo bomba. Bila shida.

Tarishi alikivuta kiti juu mpaka ile alama ya rangi nyekundu ikatokeza kwenye mdomo wa fremu. Alama hiyo aliinakili kutoka bomba la zamani. Ndicho kimo alichokalia tangu siku yake ya kwanza kazini. Kinyozi akashika usukani, Profesa akashika karia ya nyuma, mwenyewe akapanda. Kiti kikashuka taratibu, kisha ko! Kikagota. Tarishi akaruka chini kama aliyekalia kaa la moto, akaanza kukivuta tena.

— Mmeona? Kinagota palepale! Kila mara, vidole vinne juu ya fremu!

— Humo ndani mna kitu, — alisema Kinyozi.

— Kutu, — alisema Tarishi.

— Kutu gani yenye msimamo hivyo? Mna mdudu kajenga. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Bomba limebisha hodi, mwenyeji kakataa kufungua.

— Mdudu gani wa kumbeba mzee mzima, we Kinyozi? — aliingilia Profesa. — Hiyo ni kumbukumbu. Chuma kinakumbuka! Fremu inalijua bomba lake, hili inalikataa, kama mwili unavyokataa figo ya mtu baki.

— Sasa mbona likifika chini inalikubali?

Profesa alifikiri.

— Huko chini ni huruma.

Tulicheka mpaka benchi likateleza kwenye tofali lake. Tarishi hakucheka.

— Chekeni tu. Baiskeli hii ilinirudisha nyumbani kila jioni. Hata siku ile ya homa, sioni mbele, yenyewe ilijua kona. Leo nisimame nitazame inawekwa kwenye mizani?

Roho iliniuma. Sikuwa na la kumpa ila kahawa, na kikombe chake kilikuwa bado kimejaa.

Hapo akatokea Mama Pacha, mwavuli kwapani, mkoba mkononi, amevaa viatu vyake vizuri.

— Hamjambo, mashemeji.

— Hatujambo, shemeji. Karibu.

— Baba Pacha, imekubali?

Walimjibu watatu kwa mpigo. Akaelezwa ukucha, bati, mdudu na figo. Alisikiliza mpaka wakaishiwa pumzi.

— Kikishagota huko chini, — akauliza, — miguu inafika?

Kinyozi akamtazama Profesa. Profesa akatazama ndani ya kikombe. Wiki nzima tulikuwa tunakipandisha kiti. Hakuna aliyemwacha mwenye baiskeli akae pale kinapoishia.

— Kaa tuone.

— Mama Pacha, alama yangu ni ile nyekundu…

— Kaa, Baba Pacha.

Alikaa. Kiti kikazama, kikagota. Ncha za viatu vyake zikagusa ardhi, zote mbili. Akazungusha pedali kinyumenyume, goti likanyooka sawasawa. Ilikuwa kama kapimiwa na fundi. Lakini yeye aliinama akitafuta alama yake, na alama ilikuwa imemezwa na fremu.

— Nilikuwa mrefu, Mama Pacha, — alisema polepole.

— Na mimi nilikuwa mwepesi. Shika vizuri nipande.

Akapanda upande kwenye karia, mkoba mapajani, mkono kiunoni mwa mumewe. Baiskeli ikayumba, ikalia, ikanyooka. Kwenye kona tukasikia kengele.

— Mtaka cha uvunguni… — Profesa alianza.

— Malizia basi, — Kinyozi akamwambia. — Leo ndiyo mara ya kwanza umepatia.

— Aa, waache waende zao.

Nikainua birika, halikutoa kitu. Kilichobaki ni kikombe cha Tarishi, kimejaa na kimepoa. Tulikigawana watatu.