Mwekeeni Saeed Finjani Yangu

Winifrida, wewe unayeniuguza, hiyo simu iweke hapa juu ya mto, karibu na mdomo, na hakikisha inarekodi, maana mie nimeishi miaka thelathini nikiambiwa kuwa niliyoyasikia sikuyasikia, na safari hii sitaki mtu wa kubisha. Haya, sikilizeni wanangu. Wewe Maan, na wewe Nawar uliyeacha kazi yako Kanada ukapanda ndege mbili kuja huku Omani kuniona, kaeni hapa nikuoneni nyote wawili. Daktari anasema nna siku kadhaa, mie nasema ni chache kuliko hizo, na mwandishi wa habari hahitaji daktari kumwambia muda wa kupeleka makala umefika.

Ya mali hayana maneno. Nyumba hii ya Al Amerat sharia ilishaigawa kabla sijazaliwa, kila mtu anajua fungu lake, na mama yenu Mahbuba msimtoe chumbani mwake hata mkija kugombana. Nilichokuitieni ni jina langu, na aliyelichukua ni Saeed.

Nyinyi mnamjua kwa jina la Ami Saeed, mzee wa Qurayyat anayetuletea tende na samaki, anayevuka milima kwa gari kila Ijumaa kuja kunijulia hali. Mie namjua tangu Unguja, tulipokaa dawati moja. Tukahamia Kanada sote mwaka ule ule, tukaingia gazeti moja pale Toronto, mie nikiandika safu ya siasa, yeye akipanda ngazi mpaka akawa mhariri wangu, na nilimfurahia kama nimepanda mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nchi ile nimeisoma zaidi ya wenyeji wake, na mpaka leo naisoma kwenye simu kila baada ya alfajiri kama mtu anayekwenda kuangalia shamba aliloporwa. Ni watu wapole, na upole wao ndio kisu chao. Ukimkanyaga mguu anakuomba radhi yeye, na mikoa yao imetunga sheria kabisa kwamba kuomba radhi si kukiri kosa. Bungeni wanaitana waheshimiwa huku wakizomeana mfano wa watoto wa chuoni mwalimu akitoka. Kiongozi wao hulia mbele ya kamera kwa dhambi za mababu, na dhambi zake mwenyewe akaziundia tume, na ripoti ya tume ikatoka Ijumaa alasiri, waandishi wote wakiwa njiani kwenda kwenye nyumba zao za ziwani. Na hayo magazeti je? Tajiri mmoja atanunua ya miji ishirini, atayafunga kumi na tano kwa masikitiko makubwa, na matano yatakayobaki yatachapa tahariri moja, neno kwa neno, juu ya umuhimu wa kuwa na sauti mbalimbali. Mnacheka. Na mie nilicheka, tena nililipwa kwa kuwachekesha wenyewe, mpaka siku walipoacha kucheka.

Palikuwa na waziri mmoja akihubiri kubana matumizi, kapunguza hata ndege za kuwabeba wagonjwa wa kaskazini. Waziri huyo huyo alikuwa akimpeleka mbwa wake kila wiki kwenye nyumba ya ziwani, kwa gari la serikali, kilomita mia mbili kwenda na mia mbili kurudi, mbwa peke yake kiti cha nyuma. Dereva wake alikuwa Bakhit, mtu wa kwetu. Alitupa habari hii siku ya Idi, nyumbani kwa Saeed, mkono ukiwa kwenye sinia ya pilau, na Saeed alicheka mpaka akapaliwa, mie ndiye niliyempiga mgongo. Bakhit akasema, ndugu zangu, hii ni amana, jina langu lisitajwe, nna watoto na karatasi zangu za uraia hazijakamilika. Nikampa neno langu, na Saeed akampa lake.

Nikaandika. Mawakili wa waziri wakaja, na mwenye gazeti alikuwa akila chakula meza moja na waziri. Wakanitaka nimtaje aliyenambia, nikakataa. Nilijua kuna mtu wa pili aliyesikia, mtu aliyekula nami sinia moja, na kwetu sisi mtu huyo ni shahidi, haachi mwenzake akazama. Hilo ndilo kosa langu. Nikawaambia mhariri wangu naye kasikia. Wakamwita Saeed, wakamuuliza mbele yangu kama amewahi kumsikia dereva yeyote. Akazitazama kucha zake akasema, "Sijapata kusikia. Nafikiri mwenzangu kachoka."

Kachoka. Kesho yake gazeti likachapa sahihisho ukurasa wa pili, mistari minne, kuwa habari ile haina msingi na linasikitika. Nikawa mwongo wa Toronto. Saeed akapandishwa cheo, hakuja huku Qurayyat mpaka alipostaafu. Nikakurudisheni Maskati, na Nawar ulipokua ukarudi kule na kuingia redioni, ukachukua jina la ukoo wa mama yako, ili usiulizwe wewe ni mtoto wa nani. Nilikwambia sikulaumu. Nilikulaumu, mwanangu. Nilikuwa naifungua redio yako kwenye simu, nikisikia unavyojitaja naizima. Leo nakuomba radhi, na sisemi "kama".

Mtenda husahau, mtendewa hasahau. Bakhit kafariki mwaka jana, Mungu amrehemu, na mjane wake kaniruhusu nimtaje. Kwa hivyo aliyebaki duniani wa kusema nilisema kweli ni Saeed peke yake.

Ijumaa iliyopita mlimwona. Winifrida kamimina kahawa, yeye akaipokea, akaiweka chini, hakuigusa. Maan, unajua maana yake: mgeni mwenye haja haonji kahawa ya watu mpaka mwenye nyumba amwambie haja yako imepita. Nikamuuliza una haja gani. Akasema, "Nisamehe, Marhoon, kama kuna lolote lililokuumiza." Kama! Miaka thelathini, na ananiletea kama. Nikafumba macho nikajifanya nimelala, akakaa saa nzima, kahawa ikapoa mbele yake, na mie nilifurahi. Mungu anajua nilifurahi, wala situbu.

Nisaidieni niegemee... hapo, basi.

Sasa shikeni. Azaa yangu, matanga, iwe siku tatu kama ada. Siku ya pili, majlisi ikijaa wazee wa Unguja, mkalisheni Saeed mahali pa heshima, kando ya Maan. Maan, umimine kwa mkono wako, ummiminie wa mwanzo, lakini usimpe finjani ya wageni. Mwekee yangu, ile ya mstari wa kijani iliyomeguka mdomo. Sema kwa sauti: hii ni ya baba, yeye ndiye mwenye haja sasa, na haja yake ni maneno manne kutoka kwako, nilimsikia Bakhit, nilisema uongo. Kisha birika irudi jikoni. Asinywe mtu. Wazee wetu hawavumilii kukaa bila kahawa, watamgeukia wenyewe.

Akisema, mwambieni kasamehewa, na ainywe hata ikiwa baridi. Akikataa, au akileta ile kama yake, Nawar... gazetini tulikuwa tukiandika taazia za wakubwa wangali hai, zikakaa kwenye saraka zikisubiri tarehe. Ya Saeed nimeiandika. Iko chini ya kanzu yangu ya Idi. Kila neno lake ni kweli. Nimeacha nafasi ya tarehe, basi. Siku yake ikifika, isome redioni, na uisome kwa jina lako. Nawar binti Marhoon. Nataka walisikie... kule kule.

Pumzi inaniacha. Njooni karibu. Mungu akupeni wa kula naye atakayesimama nanyi... asikupeni rafiki mwenye ulimi wa siku ya raha tu. Mama yenu mtunzeni. Radhi zangu mnazo, zote, hazina sharti.

Nini, Winifrida? Kahawa? Hapana, binti yangu... iweke chini, hapo. Mie nna haja.