Simu Aliyoazimwa Bosi

Asubuhi ndani ya basi la jijini Busan, kijana mwenye kitambulisho cha kazi kifuani kilichoandikwa Tak, alikuwa anamlalamikia mama asiyemjua aliyekaa naye kiti cha mbele yangu. "Nimebadilisha neno langu la siri la kazini mara nne wiki hii, mama! Kila ikifika saa tatu, waifai ya ofisi inanifungia. Leo nisipotuma ripoti, Bosi Pyo ananifukuza."

"Huna simu nyingine yenye neno la zamani?" mama akauliza. "Ikijaribu kuingia mara nyingi, mtandao unakuona wewe mwizi, unakufungia."

"Ile ya zamani nilimwazima bosi. Anaificha kwenye droo, anatazama marudio ya besiboli. Wiki hii ana hasira, eti hayafunguki."

"Huwa anafika saa ngapi?"

"Saa tatu."

Nilicheka puani. Mtu mzima, na bila shaka ana digrii.

"Basi mwambie aizime, mwanangu!"

"Nimwambie bosi aache besiboli? Heri nibadilishe tena neno la siri."

"Utalibadilisha mpaka ustaafu!"

Basi likasimama kituo cha Seomyeon. Tak akamwinamia mama kwa heshima, akashuka huku akikariri kwa sauti neno lake jipya la siri. Basi zima tulilisikia.