Dawa ya Benchi

Benchi la Bibi Birika lina miguu minne na mmoja ni mfupi. Miaka nenda miaka rudi lilichechemea kama mgonjwa wa nyonga, kahawa ikimwagikia wateja, mpaka mteja wake Rivasi alipookota kipande cha chuma hapo jirani, akakisukuma chini ya mguu na kujisifu kwamba ameliletea benchi dawa. Liko nje ya karakana ya Msubu, anayeyeyusha vyuma chakavu na kuvimimina mchangani kusubu vipuri vya magari ya zamani, yale ambayo hata kiwanda kilichoyazaa kimeshakufa. Asubuhi hiyo tanuri halikuwashwa. Juzi mkono wa stelingi aliousubu Msubu, chuma cha kugeuzia magurudumu, ulikatika mteremkoni, gari la kubebea maharusi likaenda lilikotaka lenyewe, na jana dereva wake alizikwa. Bibi ni dada mkubwa wa marehemu mama yake Msubu. Bibi alimmiminia kahawa wa kwanza, si kwa mapenzi. Alitaka kuona kama ile mikono bado inashika kitu.

— Mimi nasema gari lile lilimkataa dereva, alisema Rivasi, aliyepata jina hilo kwa kuwa hajawahi kusema neno asilolirudisha nyuma. Gari la zamani lina moyo. Halimtaki kila mtu.

— Jana makaburini ulisema ni breki.

— Jana nilikuwa na majonzi, Bibi.

Hakimu akakohoa. Huyu alilinda geti la mahakama mpaka alipostaafu, akatoka na sauti ya waliokuwa ndani.

— Hamjui kitu nyie. Viwanda vya huko nje vilifanya makusudi. Kila gari lilitiwa siku yake ya kufa. Ukilifunga kipuri kigeni, vyuma vya zamani vinakigundua, vinakikataa, kama mwili unavyokataa figo ya mtu.

— Chuma kina figo?

— Mfano, Bibi. Mtaka cha uvunguni sharti ainame.

— Na hiyo imeingiaje hapa?

— Imeingia. Madereva wa magari ya zamani wote wanaumwa mgongo. Chunguza.

— Basi kosa ni la chuma, Rivasi akadakia. Nasikia Msubu aliyeyusha uzio wa makaburi. Wenyewe wamedai mali yao. Samaki mkunje angali mbichi.

— Maiti wana shida gani na uzio? Bibi akauliza. Nani kati yao anataka kutoroka?

Hakuna aliyecheka, hata yeye. Alikuwa akimtazama mwanawe Msubu. Tangu alfajiri watu walikuwa wakivuka barabara wasipite mbele ya karakana, na mteja mmoja alikuja kuchukua vipuri vyake vibovu, akaondoka navyo bila salamu. Bibi amezika wengi, na anajua kwamba aliyeua hufa polepole kuliko aliyeuawa.

— Sema wewe, alimwambia. Hawa watakusemea mpaka wakufungishe.

— Ulikuwa mwembamba, Mama Mkubwa.

— Nini?

— Ule mkono. Msubu aliongea akitazama kikombe. Chuma kikipoa mchangani hujikunyata, kidogo tu. Nikikandamiza kipuri cha kweli, kile cha kiwandani, mchangani kupata chapa yake, nikamimina, napata mtoto wake, mdogo kidogo. Sasa cha kweli kilipotea. Nikamkandamiza mtoto, nikapata mjukuu. Na kila mmoja nampiga tupa kumlainisha, anapungua tena. Ule wa marehemu sijui ulikuwa kitukuu, sijui kilembwe.

— Na cha kweli hukukitafuta?

— Nilipekua karakana nzima. Mpaka mchanga niliuchekecha.

— Wezi, alisema Rivasi. Mtaa huu una wezi.

— Wezi gani? Makampuni hayo, alisema Hakimu. Yanatuma watu wakusanye vipuri vyote vya kweli duniani, tubaki tukinunua magari mapya. Labda hata huyo dereva alijua mengi.

Ndipo alipofika mke wa marehemu, kajitanda mpaka kwenye nyusi, mkononi ana kifurushi cha kitambaa. 

— Shikamoo, Bibi.

— Marahaba, mwanangu. Pole. Njoo ukae.

Wanaume watatu walijisogeza kidogo, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye atakayesimama.

— Sikai. Nimewaletea hiki mnieleze. Huko msibani kila mtu ana lake.

— Binti yangu, Hakimu akaanza, kuna mambo ya sayansi, na kuna...

Mjane hakusubiri. Benchi limejaa, kwa hiyo alichuchumaa, akatandika kitambaa chini na kupanga juu yake vipande viwili vya ule mkono uliokatika. Kisha akabaki ameinama vilevile, akitazama chini ya benchi. Akanyoosha mkono na kuvuta.

Benchi lilizama upande mmoja. Kahawa ya Hakimu ikammwagikia mapajani. Mwanamke alifuta tope kwa kiganja, akakilaza chuma kile kando ya vipande vyake. Mkunjo uleule, matundu yaleyale. Kimoja kidole gumba, kingine kidole cha mwisho.

— Hiki mbona kinene?

Msubu aliweka kikombe chini taratibu.

— Hicho ndicho cha kweli.

Rivasi, aliyekiokota na kukisukuma pale, alirudisha miguu yake nyuma, chini ya benchi.

— Kimekaa hapa tangu lini? mjane akauliza.

Rivasi akamtazama Hakimu, Hakimu akatazama mapaja yake. Msubu hakutazama popote. Bibi ndiye mwenye benchi. Alikumbuka tu jinsi alivyofurahi siku ile kahawa ilipoacha kumwagika. Aliinamisha birika ampe mjane kikombe. Yakatoka mashapo matupu.

Mwanamke alivifunga vyuma vyote vitatu kwenye kitambaa, akaenda zake. Wanaume walibaki wamekaa, wameegemea upande mmoja wote, na hakuna aliyeinuka kutafuta kitu cha kuweka chini ya mguu.