Buibui Aliyelala Chali

Alhamisi, tarehe nane Mei, wapuliza dawa ya wadudu waliingia nyumbani kwa Jumana bila kubisha hodi. Wametumwa na wakubwa, hodi ya nini? Jumamosi nilimkuta kwenye kivuko cha Pangani amepakata kopo, na ndani yake buibui wake mkubwa wa manyoya kalala chali. Alikuwa anamhamishia kwa dada yake, ng'ambo.

Mzee wa Kipemba akachungulia. "Mwanangu, huyo keshakufa. Mzike."

"Hajafa, babu. Akitaka kujivua ngozi hulala hivihivi. Mwaka jana nilimngoja kutwa, akatoka mpya kama bi harusi."

"Ulikosa paka wa kufuga?"

"Paka hanisikilizi."

Mzee akacheka, kisha akavua kofia akamkingia buibui jua. "Na akifa hulalaje?"

"Hukunja miguu yote."

"Mbona miwili imekunjika?"

Jumana akaliinamia kopo. Mimi na marehemu mke wangu nasi tuliambiwa tungoje, daktari yuko mkutanoni. Kungoja nakujua.

Kivuko kikagusa Bweni, ng'ambo. Watu wakashuka, wao bado wameinamia kopo.

"Mguse kidogo," mzee akasema taratibu.

"Kama anajivua, nitamuua."

"Na usipomgusa, mwanangu, utajuaje?"